Siku Niliyotembea na Kengele za Marehemu

Mie nikisikia kengele ya mbuzi, hata mbuzi mmoja, hata kama yuko mbali huko bondeni, kwanza najitazama nimevaa nini. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyo. Mke wangu (siye yule mtakayemsikia humu, na kisa chote anakijua, msije mkadhani namvunjia heshima) hataki nikisimulie mbele ya watu, anasema hii ni aibu ya mtu mzima, tena aibu ya gaguro, na gaguro mnalijua, ile sketi ya ndani yenye lesi waliyokuwa wakiivaa mama zetu Unguja chini ya gauni. Mie nimelivaa. Nimelivaa hapa hapa Ibra, Omani, mchana, mbele ya mtu ambaye nilikuwa nimeposa binti yake. Basi bora mnisikie mwenyewe kabla shemeji yangu hajawasimulia, maana yeye hutia chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo ya kutosha.

Miaka hiyo ndiyo kwanza lami inaingia Ibra. Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya kuchimba visima, na kwa kuwa Kiingereza nilikisoma Unguja kabla hatujaja huku, nikawa mkalimani pia, baina ya mafundi wa Kizungu na watu wetu. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa mtu mmoja akiitwa Inyaki, katoka milimani huko Hispania inapopakana na Ufaransa, lakini ukimwita Mhispania ananuna kutwa nzima. Yeye Mbaski. Akisema wana lugha yao isiyofanana na lugha ya mtu yeyote, na wana sherehe zao, na kwa sherehe hizo, jamani, ukimuuliza leo tarehe ngapi hakupi tarehe, anakupa sherehe. Leo kwetu kuna mji watu wamevaa nguo za wapishi wanapiga ngoma usiku kucha na mchana kutwa. Leo wanakimbia mbele ya mafahali. Leo wanashindana kunyanyua mawe na kukata magogo, leo kuna sanamu la mtu lenye mwavuli linateremshwa kwa kamba toka juu ya mnara. Sisi tunakoroga chai, yeye macho yako mbali, anahesabu nani kwao atakuwa anacheza na nani.

Mwaka ule baba yake akafariki, na yeye hakuwahi mazishi. Hakusema mengi, alifunga mdomo akafanya kazi. Baada ya muda likaja sanduku la mbao, nikalipokea mie stooni nikidhani ni vipuri. Tulipolifungua ilitoka kwanza harufu ya ngozi ya kondoo iliyokaa na unyevu, halafu ngozi zenyewe na manyoya yake, halafu magaguro meupe yenye lesi, kofia ndefu zenye ncha zilizozungushiwa riboni za rangi na manyoya ya jogoo juu, fimbo zenye singa za farasi, na chini kabisa, zimeviringishwa katika blanketi, kengele za shaba, kila moja kubwa kama birika la kahawa la msibani. Jozi moja yake. Jozi ya pili ya marehemu.

Akanieleza. Kwao mwisho wa Januari, baridi bado iko ardhini, wanaume wa kijiji huvaa hivyo, wakafungwa kengele mbili mbili kiunoni kwa nyuma, wakatembea kwa hatua moja mpaka kengele zote zilie kama moja, wanakwenda kijiji cha jirani, na wale wa kijiji cha jirani wanatoka na kengele zao kuja kuwapokea njiani. Kesho yake wanarudishiana. Njiani hakuna kuzungumza na hakuna kugeuka nyuma. Kazi yake, alisema, ni kuamsha ardhi na kufukuza mambo mabaya ya mwaka, vile vitu (hapa alitafuta neno kwa muda) vilivyokaa kupita muda wa mgeni. Mie, kujitia mjuaji, nikamwambia kwetu Makunduchi mwaka ukigeuka watu wanatandikana kwa migomba na kibanda kinatiwa moto, kwa hiyo mambo hayo kwangu si mageni.

"Baba hatazitembeza tena," akaniambia. "Nataka zitembee mara moja tu. Lakini mtu hatembei peke yake, zinalia vibaya. Nisaidie, Seif."

Sasa hapo ndipo ningesema nina kazi, ningesema naumwa, ningesema lolote. Nikasema haya. Na nikasema haya kwa sababu siku aliyoitaka ni Alhamisi, na Alhamisi ile mama yangu na Mjomba Nasor walikuwa wanakwenda kwa Bwana Humud kuchukua jibu la posa yangu, na mposaji mwenyewe haendi, anakaa nyumbani anangoja. Nilikuwa tangu asubuhi napiga pasi kanzu ile ile. Nikaona bora nikatembee kidogo na Inyaki, moyo utulie.

Bwana Humud nimweleze kidogo, maana yote yamekaa hapo. Mtu wa Ibra, kakaa Pemba miaka mingi na duka lake, Kiswahili chake safi kuliko changu. Binti yake, Rayya, alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, nilimwona mara moja harusini kwa binamu yangu akigombana na mtu juu ya kiti cha bibi mzee, akashinda, na tangu hapo sikulala vizuri. Walipokwenda kuposa mara ya kwanza, Bwana Humud alimwambia mjomba wangu: "Kijana nimemuona, kazi anayo, kuswali anaswali. Nina neno moja. Nyinyi mliokuja juzi juzi toka Unguja mnakuja na mambo yenu, ngoma za pepo, makombe, sijui nini. Nyumba yangu ina jeraha la mambo hayo. Nikisikia lolote, basi."

Na jeraha lenyewe Ibra nzima ikilijua. Mdogo wake, Khalfani, alikufa kwa homa akiwa kijana, kabla ndevu hazijamjaa, wakamzika. Lakini mama yao, Bibi Ghania (kazaliwa Unguja, akaletwa Ibra bibi harusi, Kiswahili hakukiacha), hakukubali hata siku moja kwamba aliyezikwa ni mwanawe. Huku bara ya Omani watu wanaamini wachawi wanaweza kumchukua mtu wakaacha kigogo cha mtende kwenye sanda, watu wakazika kigogo, na yule mtu akabaki hai anatumikishwa, anachunga mifugo yao, anavishwa ngozi, hasemi. Wenyewe wanawaita maghayib, yaani waliofichwa. Bibi Ghania alikuwa akisema kila mara, bila kulia, kama mtu anayekueleza mwanawe kaenda Sur kununua samaki, kwamba Khalfani atarudi, na akirudi hatasema, na mtu asimwachie mkono.

Haya yote nayajua. Nayajua vizuri, na bado nikaenda.

Tulichagua ule mtaa wa zamani wa majumba matupu, yale yaliyojengwa na watu wa fedha za Unguja zamani, milango ya nakshi, ghorofa juu ya ghorofa, sasa hakai mtu ila njiwa. Na tulichagua saa ya kulala mchana, baada ya chakula, wakati Ibra hata paka hapiti. Siku ile vumbi lilikuwa limesimama hewani, upepo hakuna, jua jeupe halina kivuli. Nilipoteremka kwenye gari nilisikia masikio yangu yenyewe.

Tukavaa ndani ya ua mmoja. Gaguro nililivaa mwisho, nikimtazama Inyaki kama anacheka, hakucheka. Halafu kengele. Kamba ile haifungwi na mwenyewe. Mwenzako anakutia goti mgongoni anavuta mpaka pumzi inakatika, maana ikilegea zinalia ovyo, na fundo linakaa juu ya mgongo pale ambapo mkono wako haufiki. Nikamfunga yeye kama alivyonielekeza, akanifunga mie. Mie nikapewa za marehemu. Zilikuwa nzito, na baridi yake ilipita kwenye ngozi ya kondoo ikanifika uti wa mgongo. Mwisho nikachukua kilemba changu nikajizungushia uso wote, nikaacha macho tu, maana nilisema ikiwa mtu atatokea, heri asinijue. Hilo nililiona ni akili.

Tukaanza. Mwanzo nilikuwa najikwaa, zangu zinalia nyuma ya zake, kishindo juu ya kishindo, halafu, sijui nieleze vipi, miguu ikashikana. Zikawa zinalia mara moja. Sauti ile haiingii sikioni, inaingia tumboni. Ilikuwa inakwenda mbele yetu kwenye uchochoro, inaingia kwenye yale majumba kwa madirisha, inatoka kwa milango, inaturudia. Njiwa wote waliruka kwa pamoja, halafu hawakurudi. Nilisahau posa, nilisahau gaguro, nilikuwa natembea tu.

Kisha nikasikia nyingine. Nilidhani ni mwangwi, na mwangwi ulikuwepo, lakini mwangwi unakuja baada yako. Hii ilikuwa inatangulia. Nasi tunakanyaga, na yeye huyo mahali fulani mbele, nyuma ya kona, ameshakanyaga. Inyaki akasimama. Nikasimama. Kengele zetu zikanyamaza, na ile ikalia tena, na tena, bila haraka, inakuja.

Nilimtazama Inyaki nikitegemea atakuwa kaogopa kama mie, ningepata mwenzangu wa kukimbia naye. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka.

"Wa kijiji cha pili," alisema. "Wanakuja kutupokea."

Nikamwambia Inyaki, hapa hakuna kijiji cha pili, hapa kuna nyumba za watu waliokwisha. Sijui kama alinisikia. Alikwenda, hatua ile ile, akapita kona. Mie nikabaki nimesimama na singa za farasi mkononi, nikisikiliza kengele zake zinavyokwenda peke yake, zinalia vibaya kama alivyosema. Halafu hazikulia vibaya tena. Zilikuwa jozi mbili, hatua moja, zinakwenda mbali taratibu, vizuri kuliko tulivyotembea sisi.

Nikakimbia. Nasema wazi, nilikimbia, tena upande wa pili, sikumwita, sikungoja. Lakini kukimbia na shaba kiunoni ni kukimbia na mtu anakufukuza, kwa sababu kila ukiongeza mbio naye anaongeza, na mie nimo katika gaguro, lesi inaniingia baina ya miguu, kofia imenilalia jicho moja, naruka vifusi, natoka kwenye lango moja naingia jengine, mpaka nikajikuta kwenye mitende, kijani, kivuli, maji yanapita kwenye falaji, ule mfereji wa shamba, na kengele zangu zikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeishiwa pumzi.

Na pale kwenye ngazi za mfereji alikuwa ameinama Bibi Ghania anatawadha kwa ajili ya alasiri.

Shamba lilikuwa lao. Nyumba ya Bwana Humud iko pale pale mwisho wa mitende, na ndani ya nyumba ile, saa ile, yumo mama yangu, yumo mjomba wangu, na limo jibu langu. Bibi Ghania akanyanyua uso. Mie huyu, ambaye kila nikimwona nilikuwa namwahi na shikamoo bibi kabla hajanitambua, nilisimama kimya.

"Khalfani," alisema.

Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anajaribu neno la zamani kama bado liko. Maji yalikuwa yanamtiririka mikononi. Na mie nilikuwa na neno moja tu la kusema, siye, bibi, mie Seif mtoto wa Zuwena, na kila kitu kingekwisha pale pale baina yetu wawili, na labda angecheka. Lakini nikasema moyoni nikifungua mdomo tu sauti yangu ataijua, nimeshakaa naye mara nyingi, na akiijua ataingia ndani aseme Seif yuko shambani kavaa ngozi na kengele, na posa imekwisha. Nikaona nikinyamaza ataogopa, atageuka, nami nitapata njia ya kuondoka. Nikatikisa kichwa. Kengele zikalia kidogo.

"Najua husemi," akasema. "Najua, baba. Wamekuvisha ngozi, kama nilivyowaambia watu." Akapanda ngazi moja, akapanda ya pili, akanishika mkono.

Mkono wake ulikuwa wa maji na baridi na haukuwa na uzito, lakini ulikuwa umeshika. Ningevuta, angeanguka mferejini. Sikuvuta. Akanigeuza, akaanza kunipeleka nyumbani kama unavyompeleka mtoto kutoka kwenye mvua, na njia nzima akinisemesha chini chini, kwamba chumba kipo, godoro kaliweka, kwamba Humud kesharudi toka Pemba, kwamba nisiogope watu, watazoea. Na mie ninakwenda. Kengele moja, kengele mbili. Kila hatua nasema hatua hii nitasema, na kila hatua kusema kunakuwa kugumu zaidi, maana sasa ningeeleza vipi kwamba toka pale mpaka hapa nilikuwa nimenyamaza?

Tukaingia majlisi, chumba cha wageni wanaume. Walikuwemo Bwana Humud, majirani wake kadhaa na Mjomba Nasor, haluwa katikati, mjomba kidole chake kiko ndani ya haluwa hakijatoka. Nilivyoinama kupita mlangoni ile kofia ya riboni iligonga boriti na kengele zikapiga kelele yao yote.

"Humud," bibi akasema, "mdogo wako karudi. Usimsemeshe kwa nguvu. Mwambie mkeo achemshe maji."

Mtu mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi, akakosea, akaanza upya. Wengine wakasogea ukutani. Bwana Humud peke yake alikuja mbele. Mie nilitegemea hasira, hasira ningeiweza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka iwe kweli. Mtu mzima yule, aliyekataza mambo hayo yasitajwe nyumbani kwake, alinitazama macho yangu yaliyo baina ya kilemba, akatafuta mle ndani, akasema, "Kama ni mtu, sema jina lako. Kama si mtu, kwa jina la Mwenyezi Mungu, usimchezee mama yangu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa natetemeka, na kila nikitetemeka kengele zinamjibu kwa niaba yangu.

Wanawake walikuwa wamefika kwenye mlango wa ndani kwa ajili ya kelele, na mbele yao mama yangu. Mama yangu hakutazama uso wala kofia. Alitazama miguu yangu, miguu aliyoizaa, na kidole kile kikubwa kilichopondwa na mlango nikiwa mdogo.

"Seif," akasema, sauti ile ile ya kuniuliza kama nimekula, "gaguro la nani hilo?"

Kuna mtu alicheka, mara moja tu, puani, akajizuia. Nikajifungua kilemba. Nyuma ya mama yangu nilimwona Rayya na birika la kahawa mkononi, ananitazama mie, halafu anamtazama bibi yake, na hakucheka. Bora angecheka. Bibi Ghania alinyanyua uso wake karibu kabisa na wangu, akayatazama macho yangu moja baada ya jingine.

"Si yeye," alisema, akauachia mkono wangu, akaufuta wake kwenye kanga.

Nikasema yote hapo, kwa pumzi moja, kampuni, Inyaki, baba yake, kengele, Wabaski, Januari, nyumba tupu, na kadiri ninavyosema ndivyo ninavyojisikia mjinga. Mjomba alijaribu kulifungua fundo mgongoni, akalizidisha kukaza. Akataka kisu, nikamwomba asikate, kamba ni za marehemu (na aibu yangu yote ile, hilo nililikumbuka). Bwana Humud aliuliza moja tu: "Huyo Mzungu wako umemwacha wapi?" Ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba nimemwacha mtu.

Tukatoka, Bwana Humud mbele, mie na kengele zangu nyuma yake, mjomba, na Bibi Ghania ambaye hakuna aliyethubutu kumzuia. Inyaki tulimkuta amekaa barazani kwenye jumba la mwisho la mtaa ule. Alikuwa katika suruali yake. Ngozi kaikunja, kengele zake ziko mbele ya miguu yake, na ile kamba ndefu imezungushwa vizuri, duara juu ya duara.

"Mbona umeleta watu?" akaniuliza. "Umeondoka sasa hivi tu."

"Nani kakufungua?"

"Wewe." Akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Si ulinifuata? Tulitembea pamoja mpaka hapa, vizuri sana, nikasimama, ukanifungua. Sikugeuka, nilikwambia hatugeuki."

Nikamtafsiria Bwana Humud. Kazi yangu hiyo, kutafsiri, na sijapata kutafsiri kitu kizito kama kile. Mjomba Nasor akaanza kutazama madirisha ya juu. Bibi Ghania akasogea mbele, akasema, "Muulize mikono ya huyo aliyemfungua ilikuwaje."

Inyaki alifikiri. Huyu mtu alikuwa hajui habari ya Khalfani, naapa, hakuna aliyemsimulia, mie mwenyewe sikumsimulia. "Midogo," alisema. "Nilishangaa kidogo. Ya mtu mdogo, na ilikuwa inatetemeka, nikadhani umechoka." Akaitazama mikono yangu, hii mnayoiona, ya kubeba vyuma vya stoo.

Nikayatafsiri kama yalivyo, sikuongeza, sikupunguza. Bibi Ghania akasema alhamdulillahi, akageuka, akarudi shambani kuswali, maana alasiri ilikuwa inampita. Alitembea vizuri kuliko alivyokuja.

Mjomba akamchukua Inyaki garini. Bwana Humud akaniambia nigeuke. Nikageuka, uso ukutani, na yeye akaanza kulifungua lile fundo kwa kucha zake, bila kisu, taratibu, na akazungumza hivyo hivyo nyuma ya mgongo wangu, sikumwona uso.

"Mie nilikuwa nimeshamjibu mjomba wako," alisema. "Ile haluwa ilikuwa ya ndiyo."

Nikaegemeza paji la uso ukutani.

"Ngozi na kengele ningekutania nazo mpaka siku ya kufa kwangu. Ningewasimulia wajukuu. Yaliyotokea humu," akapiga ukuta kidogo kwa kiganja, "siyajui, na sikuulizi, hayo ya Mwenyezi Mungu. Lakini mama yangu alikushika mkono akakuita kwa jina la mwanawe. Na wewe unamjua. Unajua habari yake yote. Ukanyamaza toka mferejini mpaka majlisi."

"Niliona haya, ammi."

"Najua uliona haya." Fundo likalegea, nikavuta pumzi ya kwanza ya kweli tangu mchana. "Rayya ataolewa na mtu, na siku moja atamwita mtu huyo, katika hali gani sijui. Sitaki awe mtu wa kunyamaza kwa sababu anaona haya. Sina ugomvi nawe, Seif. Mama yako akapumzike kwetu mpaka jua lipoe, halafu muondoke."

Kengele akaziweka chini mwenyewe kwa mikono miwili, zisilie, akaondoka.

Rayya aliolewa Nizwa, na mtu mwema, nasikia. Inyaki alirudi kwao, na hajaniandikia, au kaandika na mie nimehama. Ibra mie bado naishi, na wazee waliokuwemo majlisi siku ile hawakunicheka tena, wanaonicheka ni wale ambao hawakuwepo. Mkitaka kunicheka nanyi chekeni, gaguro nililivaa na lesi yake ilikuwa nzuri. Lakini jambo moja nimejiapia, na sijalivunja. Nikiitwa, naitika. Mtu akinishika mkono sokoni au kwenye foleni ya hospitali, mzee haoni vizuri, akaniita Salim, akaniita Abdalla, akaniita jina lolote la mtu wake anayemngoja, simwachi akapiga hatua ya pili. Namwambia pale pale: siye, mama, mie Seif, lakini nipo hapa.